Kusimama na Kukaa kwa Arvo Peltola

Siku Arvo Peltola aliposimama bungeni, mimi nilikuwa ofisini kwake mjini kwetu Brennock nagombana na mtu kwenye simu. Jamaa pasipoti yake imechelewa, anataka kwenda Florida kukimbia baridi, na kosa eti langu. Televisheni ya ofisi huwa tunaiacha kwenye bunge la Ottawa bila sauti, kutwa nzima, hakuna anayeitazama. Mara Bi Bernice, ambaye ndiye meneja wa ofisi na ndiye mwenye akili pale ndani, akasema, "Rox, kata simu."

"Huyu ananiita mpumbavu."

"Na wewe mwite mpumbavu halafu ukate. Mtazame mzee."

Nikakata. Walikuwa wanapiga kura ya treni. Kule bungeni ukikubali unasimama, karani anataja jina lako, unakaa. Wanakwenda mstari kwa mstari. Sasa huyu hapa Arvo, mstari wa nyuma kabisa upande wa serikali, kasimama peke yake kama mlingoti, kalamu mkononi. Wenzake wote wamekaa. Wapinzani wa ng'ambo wanampigia makofi wanacheka. Jirani yake anamwangalia kama mtu aliyejikojolea kanisani.

"Amesimama," nikasema.

"Naona."

"Amesimama na wapinzani."

"Naona, Roxane. Nina macho."

Hoja ilikuwa ya mbunge wa upinzani, kwamba treni ya abiria iendelee kusimama kwenye miji yetu ya kaskazini. Chama cha Arvo ndicho chenye serikali, na kilishasema hapana, treni inakula hasara, yaishe. Na Arvo tangu achaguliwe hakuwahi kupiga kura kinyume na chama. Hata kwa bahati mbaya. Yaani chama kikisema leo kuna joto, Arvo anatoka nje bila koti.

Lazima umjue huyu mtu, la sivyo hutaelewa kwa nini tulichanganyikiwa vile. Arvo si mwanasheria. Alikuwa fundi wa barafu kwenye uwanja wa hoki wa mji. Ndiye aliyekuwa anaendesha lile gari la kulainisha barafu katikati ya mechi, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, watoto wanampungia mkono. Brennock nzima imekua ikimpungia mkono. Akawa diwani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa kwenye vile vikao vya mabomba ya maji. Halafu ukaja uchaguzi mkuu, na chama chake kilikuwa hakijawahi kushinda jimbo letu, kikamwomba aweke jina lake tu kwenye karatasi, asijisumbue, watashindwa vizuri. Mwaka ule upepo wa chama ukafagia nchi nzima, Arvo naye akafagiliwa mpaka Ottawa. Mke wake, Sylvi, ambaye halali bila kuoga mvuke wa moto, hakucheka wala hakulia. Alimuuliza tu, "Sasa sauna atawasha nani?"

Huko Ottawa hakuwa waziri, hakuwa naibu wa mtu, hakuwa chochote. Alikaa nyuma. Wikendi anarudi na ndege ndogo, anakula chapati za maji na shira kwenye kila ukumbi wa kila kitongoji, anasikiliza habari za mashimo barabarani ambayo hata si kazi ya mbunge. Kitu kimoja alichokifanya kuliko wote ni kadi. Mtu akifikisha miaka tisini, au ndoa ikidumu mpaka watu wanashangaa, mbunge anawatumia kadi ya pongezi. Wabunge wengine kadi zao zinasainiwa na mashine. Arvo anaandika mwenyewe, kila mtu na neno lake, "bado nalikumbuka lile goli lako," "bado sijakusamehe ule mchezo wa karata." Anaziandikia palepale bungeni, wenzake wakihutubia.

Mimi aliniajiri nilipofukuzwa duka la vipuri kwa kumrushia mteja kichujio cha mafuta. Akasema ofisi yake inahitaji mtu asiyeogopa simu.

Na siku ile simu zilikuja. Watu walewale waliokuwa wanatutukana kuhusu treni tangu majira ya kuchipua, leo sauti laini. "Mwambie Arvo mimi na mke wangu tumelia." "Mwambie hapa kwangu halipii bia tena." Mwingine alipiga akawa anapumua tu, halafu akasema, "Kumbe ana uti wa mgongo," akakata. Hoja yenyewe ilianguka, na ilianguka vibaya, kura ya Arvo haikubadilisha kitu. Hilo hakuna aliyelijali. Mimi nilimpigia mzee, simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa.

Aliyepiga mwishoni alikuwa kiranja wa chama. Huyu ni yule mbunge ambaye kazi yake ni kuwahesabu wenzake kama mwalimu wa zamu na kuwaambia lini wasimame na lini wakae. Mama mmoja anaitwa Ashcombe. Hakuniambia hata habari za mchana.

"Mwambie bosi wako ana mpaka Jumatatu," akasema. "Tumemtumia maneno ya kusoma. Alisimama kimakosa, anaiunga mkono serikali, samahani, kwisha. Akisoma tunasahau. Asiposoma yuko nje ya chama, na uchaguzi ujao agombee na mbwa wake."

"Dada," nikasema, "kama unataka kumtisha mtu, mtishe mwenyewe. Mimi si posta."

Akakata. Bi Bernice akanisukumia kikombe cha kahawa. "Umefanya vizuri," akasema, "lakini usirudie."

Ijumaa nikaenda kumpokea uwanja wa ndege. Theluji ilikuwa inaanguka kimyakimya, ile ya vipande vikubwa. Mzee akatoka na begi lake, akaingia kwenye pikapu, akafunga mkanda. Mimi nilikuwa nimejaa kama puto.

"Mzee, umewapiga. Umewapiga wale watu mbele ya nchi nzima. Kesho klabuni wanakaanga samaki kwa ajili yako, unajua? Fainali za mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu zimegeuka sherehe yako."

Tukapita kituo cha mafuta, tukapita kiwanda cha mbao.

"Nilikosea, Rox," akasema.

"Ulikosea nini?"

"Kusimama. Nilikuwa naandika kadi ya akina Thérèse na Maurice, miaka yao ya ndoa. Tulikuwa tumetoka kupiga kura nyingine, ya serikali, ile ambayo sisi wa upande wetu ndio tunasimama kwanza. Nikadhani bado tuko hapohapo. Nikainua kichwa, naona karani anautazama mstari wetu. Nikasimama."

Nikaegesha gari pembeni. Nisingeegesha ningetuua.

"Ulisimama kwa sababu ya kadi."

"Nilisimama kwa sababu nimezoea kusimama."

"Mzee, watu wanalia huko mjini. Mtu kalia kwenye simu yangu."

"Najua."

"Sasa si ungeinuka palepale ukasema umekosea? Wanafanya kila wiki, nimeona mwenyewe. Mtu anainuka, anaomba kura yake irekebishwe, ukumbi unakubali, maisha yanaendelea."

"Jirani yangu alinivuta koti. Akasema, Arvo, inuka urekebishe. Nikamwambia sawa, nainuka."

"Na?"

"Nikakaa."

"Kwa nini?"

Akatazama nje, hakuna cha kutazama, theluji tu. "Ndilo ninalojiuliza tangu juzi," akasema. "Spika aliningoja kabisa. Alinitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha kuinuka, kuongea, kukaa tena na kumaliza kadi. Miguu ilikuwepo. Sikuinuka."

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini pale nilikosa pa kuzitupa. Ningemkasirikia kwa kusimama au kwa kutoinuka? Nikawasha gari.

Kwake, Sylvi alikuwa ametoa mkate mtamu wa iliki na kahawa. Bi Bernice naye alikuwa amefika, theluji bado kwenye buti zake. Tukakaa mezani kama kamati.

"Nisikilizeni mimi," nikasema. "Kesho anakula samaki, anatabasamu, anafunga mdomo. Jumatatu anasoma maneno ya kiranja kule Ottawa. Nani hapa anatazama ile chaneli?"

"Kuanzia juzi, wote," akasema Bi Bernice. "Mjomba wangu hajui kuwasha jiko, lakini chaneli ya bunge ameipata. Akisoma Jumatatu, hapa hatanunua hata mkate kwa amani. Asiposoma, chama kinamtupa, na bila chama hakuna mtu hapa aliyewahi kushinda."

"Basi aseme alikusudia. Asimamie hapohapo."

"Lakini sikukusudia," akasema Arvo.

"Nani anajua?"

"Mimi."

Sylvi alikuwa anakata mkate. "Kama ulikosea, sema ulikosea," akasema. "Kama hukukosea, sema hukukosea. Mbona mnaifanya kuwa ngumu?"

"Na kama sijui?" akauliza Arvo.

Sylvi akamwekea kipande kwenye sahani. "Basi kula."

Kesho yake klabu ya mawe ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye varanda na baridi ile. Harufu ya samaki na mafuta ya moto. Kule nyuma ya kioo, barafuni, fainali ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekumbuka nani kashinda. Arvo hakupita hatua mbili bila mtu kumpiga mgongoni. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Ndipo Lorne Hrynchuk akaja. Lorne aliendesha treni kwenye reli ile maisha yake yote mpaka akastaafu, na tangu Arvo achaguliwe kwa tiketi ya chama kile hajawahi kumpa mkono. Mara moja Lorne alitema mate mlangoni pa ofisi nami nikamfuata mpaka barabarani na koleo la theluji. Leo akapenya katikati ya watu, mkubwa kama friji, akanyoosha mkono. Arvo akauangalia ule mkono.

"Ngoja kwanza, Lorne," akasema. "Usinipe bado."

Akapanda pale mbele, akachukua maikrofoni iliyokuwa inatumika kutangaza bahati nasibu ya nyama. Bi Bernice akanishika mkono, sijui ananizuia nini, mimi mwenyewe nilikuwa nimeganda.

"Nilisimama kimakosa," akasema Arvo. "Nilikuwa naandika kadi. Nilidhani ni kura nyingine. Samahani kwa samaki."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani. Arvo hakucheka, na kicheko kikafa chenyewe, kona moja baada ya nyingine.

"Arvo, acha mzaha," akasema mama mmoja wa meza ya mbele.

"Siyo mzaha, Doreen."

"Chama kimekulazimisha useme hivyo."

"Chama kinataka niseme Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Nasema mwenyewe."

"Kwa hiyo," akasema jamaa wa duka la chambo, bado kashika uma, "tumekaanga samaki wote hawa kwa ajili ya mtu aliyesinzia?"

"Sikusinzia. Nilikuwa naandika."

"Ndiyo nafuu hiyo?"

Pakachafuka. Mmoja anasema angalau ni mkweli, mwingine anasema ukweli wa nini, treni inaondolewa vilevile. Mtu akaniambia bosi wangu ni boga, nikamwambia arudie, hakurudia. Na Lorne bado kasimama palepale, mkono ameurudisha mfukoni, uso umekuwa mwekundu. Akapaza sauti, na sauti ya Lorne ni ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Kusimama umekosea," akasema. "Sawa. Nimeelewa. Lakini nimetazama ile kanda tena na tena kwa mjukuu wangu. Spika alikungoja. Mwenzako alikuvuta koti. Wewe umekaa. Hapo pia ulikuwa unaandika kadi?"

Nilimwona Arvo anatafuta maneno, kama mtu anayepapasa funguo kwenye kila mfuko. Sylvi alikuwa mlangoni na sahani ya kabichi, hakumsaidia. Hakuna aliyemsaidia.

"Hapana," akasema hatimaye. "Pale nilikaa mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Sijui, Lorne. Nilitaka kuinuka. Nikafikiria kituo chetu pale, watu wamesimama na mabegi. Halafu nikawaza, nikiinuka nitasema nini hasa? Kwamba nimekosea kutaka wapande treni? Sikuinuka. Hilo halikuwa kosa. Lile la kwanza ndilo kosa."

Jioni ileile maneno hayo yalikuwa Ottawa, maana kila simu ukumbini ilikuwa imeinuliwa ikirekodi. Kiranja Ashcombe hakungoja Jumatatu. Alimpigia Jumapili mzee yuko kwenye sauna, Sylvi akapokea, akasema, "Yuko uchi, nimpe ujumbe gani?" Ujumbe ulikuwa mfupi. Kukosea kunasameheka, kukaa kwa makusudi hakusameheki. Yuko nje.

Mimi hapo ndipo nilipoanza kupotea, na sijarudi mpaka leo. Yaani kile kitu alichofanya kweli bungeni, chama kilikuwa tayari kukisahau. Wakamfukuza kwa kile ambacho hakukifanya, kwa kutoinuka. Nikamuuliza Bi Bernice anieleze. Akasema anafanya kazi na wabunge tangu nikiwa chekechea na bado haelewi, nisimsumbue.

Wakamhamishia kiti kwenye kona, karibu na pazia, na wale wasio na chama. Treni ikaacha kusimama kwetu majira ya kuchipua, kama ilivyopangwa. Mzee akaendelea na mashimo ya barabara, pasipoti na kadi. Tofauti moja tu, kabla ya kila kura alikuwa anapiga simu ofisini. "Rox, huko wanasemaje?" Nami natoka nje namuuliza mtu yeyote anayepita, mwenye mbwa, mwenye mkate, nampa jibu. Mara nyingine wapita njia wawili wanapingana, nampa yote mawili, anashukuru. Hiyo ndiyo ikawa serikali yetu.

Kisha uchaguzi. Arvo akagombea peke yake, bila chama, vibao vyake vya kampeni vya manjano kwa sababu rangi nyingine zote zina wenyewe. Chama chake cha zamani kikaleta kijana anaitwa Trent Osgoode, muuza nyumba, meno meupe. Nikaokota kipeperushi chake kituo cha mafuta. Ahadi ya kwanza kabisa, juu, kwa herufi nene, atairudisha treni.

Nikasoma tena. Nikamfuata yule kijana aliyekuwa anavigawa. "Treni ameiondoa nani?"

"Tunatazama mbele," akasema.

"Nimekuuliza ameiondoa nani."

"Dada, sitaki ugomvi."

"Hujaulizwa unataka nini." Arvo akanivuta kwa kofia ya koti mpaka kwenye gari.

Tukaenda mlango kwa mlango. Thérèse na Maurice, wale wa kadi, wakatukaribisha ndani, wakatupa kahawa na pai ya nyama. Kadi yenyewe iko kwenye friji, imebanwa na sumaku ya samaki. Thérèse akaushika mkono wa Arvo kwa mikono yote miwili.

"Sisi tunakupenda, Arvo. Unajua hivyo. Lakini mtu asiye na chama atatufanyia nini? Yule kijana yuko na wenye serikali, atawafanya watusikilize."

"Wenye serikali ndio waliokata treni," nikasema.

"Ndiyo maana, binti. Ndio wanaoweza kuirudisha."

Nikatafuta jibu. Naapa nilikuwa nalo. Arvo akamalizia pai yake, akasema ni tamu, akamuuliza Maurice kuhusu goti.

Tukashindwa. Si vibaya sana, lakini tukashindwa. Asubuhi yake mimi na mzee tukapanda pikapu kwenda kung'oa vibao, maana manispaa inakutaka uviondoe, uwe umeshinda au umeshindwa. Theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeshuka, nyembamba. Tunafika, tunang'oa, tunatupa nyuma ya gari, tunaendelea. Watu wanatupungia mkono madirishani.

Tukafika kwa Lorne Hrynchuk. Kibao kipo mbele ya nyumba, kimechimbiwa vizuri kuliko vyote, na Lorne mwenyewe yuko ngazini na kikombe.

"Kiache hicho," akasema.

"Uchaguzi umekwisha, Lorne," akasema Arvo.

"Najua. Nina televisheni."

"Manispaa watakutoza faini."

"Waje."

Mimi nikamtabasamia kwa mara ya kwanza maishani. "Angalau wewe ulitupigia kura," nikasema.

Lorne akanitazama, akamtazama Arvo, akamwaga kahawa iliyobaki kwenye theluji. "Hapana," akasema. "Nilimpigia yule wa treni."

Nilishapiga hatua na nyundo bado mkononi. Arvo akanishika kofia, kama kawaida. "Sasa kibao cha nini?" nikapiga kelele. "Kwa nini umekaa nacho?"

Na Lorne akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona, alikunja uso mpaka nyusi zikakutana.

"Sijui," akasema. "Kiache tu."

Arvo akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu kamili. Akaenda mpaka kwenye kibao, akakisukuma ardhini kidogo zaidi kwa mguu, kisije kikaanguka na upepo. Lorne akashuka ngazi, wakapeana mikono. Kisha mzee akaja akaingia kwenye gari akafunga mkanda.

Nilishika usukani bila kuwasha. "Mzee, wewe umeelewa pale?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo," akasema. "Washa gari, bado barabara ya kiwandani."